Uchawi Usio na Sharti Haunishiki

Kila ninapofungua riwaya ya fantasia natafuta kitu kimoja kabla ya vyote: sharti. Mwenye uwezo ametakiwa atoe nini ili aupate, na akishaupata amekatazwa nini? Nimelelewa Wete, Pemba, na hadithi zote za majini na mizimu nilizosimuliwa utotoni zilikuwa na masharti yake. Jini hamtumikii mtu bure. Mganga humpi hela ukaondoka umepona. Hukwambia usile hiki, usipite pale, usigeuke nyuma mpaka ufike mlangoni kwako. Na hadithi za Giningi, mji wa wachawi usioonekana kwa macho ya kawaida, zilitukosesha usingizi kwa sababu anayetaka kuingia huko hutakiwa kutoa mtu wake, tena yule anayempenda. Basi nikikutana na kitabu ambacho kijana anapunga mkono, moto unatoka, na yeye hakupoteza chochote, hukifunga hata kiwe na jalada zuri vipi.

Kwa kipimo hicho, kitabu kilichonishika zaidi miezi hii kimetoka kwa jirani zetu. The House of Rust ni cha Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa. Kilitoka mwaka 2021, baada ya mswada wake kupata tuzo ya Afrika ya wachapishaji wa Graywolf, wa mwanzo kabisa kuipata, na mwaka 2022 kikashinda tuzo iliyoanzishwa kwa jina la Ursula K. Le Guin, nayo ikitolewa kwa mara ya kwanza. Nakala niliyonayo aliniletea binti ami yangu kutoka Nairobi, na tangu iingie nyumbani haijapata kulala rafuni. Jalada lina duara la kikombe cha chai, na kona za kurasa zimekunjwa kwa mikono tofauti: mama mkunjo wake ni mdogo kama ncha ya kucha, mdogo wangu hukunja nusu ukurasa mzima. Nikikifungua naona kila mmoja alipochokea, na naona pia sura ambayo hakuna aliyekunja kitu, yaani sote tuliipita bila kusimama.

Sura hiyo ni ya baharini. Aisha ni msichana wa Mombasa wa asili ya Hadhramaut. Baba yake, Ali, ni mvuvi; ametoka na hakurudi. Watu wameshaanza kumsemea kwa wakati uliopita. Aisha hakubali. Anatoka usiku kumtafuta, amefuatana na paka asemaye, paka mwenye elimu na ulimi wa kujua kuchagua maneno, na chombo wanachopanda kimeundwa kwa mifupa. Huko mbele wanawangoja viumbe vya bahari kuu, na mmoja wao anaitwa Baba wa Papa.

Ninachokipenda ni kwamba Aisha hana upanga. Silaha yake ni kusema. Kila kiumbe ana anachokitaka, na msichana huyu lazima ajue kumwamkia, kumsikiliza, kumjibu, kumzungusha, na kumaliza mazungumzo bila kujifunga kwa ahadi asiyoiweza. Mtu aliyekulia ukumbini kwa bibi zetu, akaona namna mzee anavyokataa ombi bila kutamka neno "sitaki", ataelewa mara moja kwamba hivi ni vita kweli. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini pumzi yake ni ya pwani. Bibi yake Aisha akisema, nasikia kabisa alipomezea mate na alipovuta ukaya.

Msomaji mwenye haraka atadhani hadithi imekwisha baba anapopatikana. Haijaisha, na kwangu mimi nusu inayofuata ndiyo bora. Aisha amerudi nyumbani, chungu kiko jikoni, watu wanaanza kuzungumzia posa, kunguru wako juu ya mapaa wanapanga mambo yao, na msichana hatoshi tena katika ile nyumba aliyohatarisha roho ili airudishe kama ilivyokuwa. Hilo ndilo sharti la safari yake, na hakuna aliyemtajia wakati wa kupanda chombo. Alimpata baba akapoteza utulivu wa kukaa. Sijasoma riwaya nyingine ya vijana iliyoweka bei yake mahali pa kweli namna hii. Wasichana wangapi wa visiwa hivi wamekwenda kusoma Dar, Muscat au Istanbul, wakarudi likizo, wakaona mlango wa kwao umekuwa mfupi?

Baada ya Bajaber nikarudia The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty, Mmarekani aliyesilimu ambaye amejizamisha katika historia ya Bahari ya Hindi. Kilitoka 2023. Si cha vijana. Mhusika wake ni mama mtu mzima, nahodha mstaafu wa maharamia wa karne ya 12, goti linamuuma, anasali, anajutia aliyoyafanya, na ana binti wa kumlea. Anaitwa tena kazini kumtafuta msichana aliyepotea, na mambo yanampeleka mpaka Sokotra. Mume wake mmoja si binadamu. Aligundua nikaha ilishapita! Nilipomsimulia shangazi yangu mahali hapo aliuliza swali moja tu: "Sasa talaka yake inatolewaje?" Ndilo swali ambalo kitabu chenyewe kinalihangaikia, kwa sababu mkataba ni mkataba hata uwe na jini.

Tena Chakraborty anaheshimu pepo za misimu. Hili ni jambo ninaloliona kuwa kubwa, na waandishi wengi wa fantasia za baharini hawalioni kabisa. Merikebu zao huenda popote siku yoyote. Kumbe bahari yetu ilikuwa na kalenda: kaskazi ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka, kusi ikiyarudisha kuanzia Aprili, na aliyechelewa alikaa mpaka msimu ugeuke. Miji yetu yote imejengwa na watu waliokuwa wakisubiri upepo, wakaoa, wakazaa, wakajenga misikiti. Ukiondoa pepo umeondoa sharti la bahari, na bahari inabaki kuwa bwawa.

Ndiyo maana bado namweka Le Guin juu. A Wizard of Earthsea ni cha mwaka 1968, na dunia yake nzima ni visiwa. Watu wanakwenda kwa mashua, wanakula samaki, wanajuana kwa kisiwa. Ged, kijana mchunga mbuzi anayekuwa mchawi mkubwa, ana ngozi ya rangi ya shaba iliyokolea, na rafiki yake wa moyoni ni mweusi. Televisheni ilipoichukua hadithi hiyo mwaka 2004 ikamfanya Ged mzungu, na Le Guin akapinga hadharani, kwa maandishi, bila kuuma maneno. Na katika skuli ya uchawi ya Roke walimu wanawafundisha vijana kwamba mvua ukiilazimisha kunyesha hapa huenda ukawa umeleta ukame kisiwa kingine. Mchawi anaweza kuita upepo wa kumsukuma, lakini mwenye akili hauiti ovyo.

Likizo iliyopita niliwasomea watoto wa dada yangu kitabu hiki, Wete, baada ya Isha, juu ya mkeka wa uani. Nilikuwa nashika Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Tulipofika mahali ambapo kila mtu ana jina la kweli analolificha, kwa kuwa anayelijua anaweza kumtawala, yule wa darasa la sita akanikatiza: "Mama mdogo, jina la kweli ni la kwenye cheti au la nyumbani?" Mdogo wake akamwambia la nyumbani, kwa sababu mwalimu akikuita la cheti huogopi, lakini mama akikuita la nyumbani unakwenda mbio. Mkubwa hakukubali. Akasema la kweli ni lile alilosomewa adhana sikioni, na hilo halijui mtu ila baba. Walibishana mpaka taa ikazimika, wakaendelea gizani. Kitabu kimevuka nusu karne na bahari mbili kuja kuwapa watoto wa Pemba ugomvi wa maana kama ule, na mimi nilikaa kimya nikawaacha.

Usiku mwingine waliniomba hadithi ambayo haimo kitabuni, nikawapa ya Sultani Majnuni, na nilipomaliza nikawaambia kwamba hiyo nayo imo kitabuni. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu hapa Unguja, aliikusanya kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar na kuichapisha London mwaka 1870. Nataka kuikalia kidogo, kwa sababu kila ninapoisoma naona kwamba riwaya ya fantasia ya vijana tunayoitafuta ng'ambo tuliisimulia sisi zamani.

Sultani ana watoto saba wa kiume. Ana mtende, na kila tende zikiiva zinaliwa usiku. Anawatuma wanawe kuulinda, mmoja kila msimu. Mmoja baada ya mwingine wanalala, tende zinakwenda. Wa saba ni kijana wa kukaa jikoni, hana anayemhesabu, baba mwenyewe hataki hata kumtuma. Ndiye anayeweza. Hapo wasimulizi wengine wangefunga. Lakini hadithi inageuka, na inageukia kwa baba. Paka wa Sultani anakamata ndama. Watu wanashitaki. Sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake, waacheni. Paka anakwenda kwa mbuzi, kwa ng'ombe, kwa ngamia. Jibu ni lile lile. Anakula mtoto wa mtu. Jibu ni lile lile. Anatoka mjini akiwa si paka tena, ni nunda, mla watu, na siku Sultani anapotoka kwenda kutembelea mashamba yake, nunda anawakamata wanawe watatu. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyu si paka.

Kijana wa jikoni anakwenda kumsaka. Hajapata kumwona, kwa hiyo kila anachoua anakileta kwa mama yake, akiimba kwamba amemuua nunda, na mama anamwimbia kwamba siye. Mnyama mdogo, siye. Mkubwa zaidi, siye. Twiga, siye. Tembo, siye. Kila mara anamsihi akae, na kila mara kijana anatoka tena, anakwenda mbali zaidi ya alikokwenda jana, mpaka anampata mwenyewe.

Niambieni ni kitu gani kimekosekana hapo. Kijana aliyedharauliwa yupo, mzazi aliyelea janga kwa upendeleo yupo, safari inayomkomaza hatua kwa hatua ipo, na wimbo upo. Bei nayo ipo, tena inalipwa na watoto wa yule aliyekataa kulipa mapema. Riwaya za vijana za siku hizi zimejaa vizazi vinavyorithi madhara ya wazee wao. Msimulizi wetu wa karne ya 19 alishalimaliza suala hilo kwa paka na ndama.

Nnedi Okorafor naye anajua kuichukua hadithi ya nyumbani na kuivalisha nguo za leo. Mfululizo wake ulioanza na Akata Witch mwaka 2011, ukafuatiwa na Akata Warrior 2017 na Akata Woman 2022, nimeumaliza hivi karibuni. Sunny ni msichana wa Kinigeria aliyezaliwa Marekani, na ni mwenye ualbino. Katika jamii ya siri anayoingia, ukijifunza jambo la kweli vinakudondokea vipande vya pesa kutoka hewani. Pesa za shaba ndizo zenye thamani kubwa. Utajiri haupatikani kwa njia nyingine ila kuelewa. Nimelipenda wazo hilo kupita kiasi. Lakini kilichonigusa zaidi ni Sunny mwenyewe. Tunaishi katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa na wanaoamini kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Hapa msichana mwenye ualbino ndiye mwenye uwezo, ndiye anayesoma, ndiye anayeamua. Laiti ningekuwa na sauti katika uchaguzi wa vitabu vya maktaba za skuli, hiki kingekuwa cha mwanzo.

Kuhusu Tomi Adeyemi na Namina Forna sina maneno mengi. Nimesoma mifululizo yote miwili mpaka mwisho, ya Adeyemi ilianza 2018 na Children of Blood and Bone ikaishia 2024, na ya Forna ilianza 2021 na The Gilded Ones ikaishia nayo 2024. Mwanzo wa Adeyemi ni moto: uchawi umeuawa pamoja na waliokuwa nao, na binti ya mmoja wa waliouawa anataka kuurudisha. Kitabu cha mwisho nilikiona kimekimbia, kinahamisha watu baharini kabla sijawaaga waliobaki pwani. Hata hivyo naisubiri filamu kwa hamu kubwa. Gina Prince-Bythewood ndiye mwongozaji, na Thuso Mbedu wa Afrika Kusini ndiye Zélie, binti huyo. Uso wa Mbedu unaweza kubeba hasira na huzuni kwa pamoja, na Zélie hana jingine zaidi ya hayo mawili.

Kitandani kwangu sasa hivi kipo The Rose Field cha Philip Pullman, kilichotoka Oktoba 2025, mwisho wa hadithi ya Lyra iliyoanza miaka thelathini iliyopita. Katika dunia ya Lyra roho ya mtu inatembea nje ya mwili kwa umbo la mnyama, na Lyra ametengana na wake, hawasemezani. Nasoma polepole kwa makusudi. Sitaki kuachana naye.

Ninazozisubiri sasa. Ya kwanza ni safari ya pili ya Amina, iliyopewa jina The Tapestry of Fate. Nataka kujua yule mume atamfikisha wapi, na nataka nahodha huyu ashuke kusini zaidi. Mogadishu anaijua. Kutoka hapo kwa kaskazi nzuri Pemba si mbali, na karne ya 12 kisiwa hiki kilikuwa na miji na misikiti ya mawe yake. Ya pili ni mwendelezo wa Heir cha Sabaa Tahir, cha 2024, kwa kuwa hadithi yenyewe imepangwa kuwa ya vitabu viwili. Tahir anaandika mapenzi ya vijana bila kuyafanya sukari tupu, na ukatili bila kuufurahia. George R. R. Martin simsemi sana; kitabu cha tano cha mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire ni cha 2011, na wanaosubiri cha sita wana subira ambayo mimi nimeamua kuitumia kwa waandishi wengine.

Ila ninachokisubiri kuliko vyote hakijatangazwa na mchapishaji yeyote. Nataka kwanza The House of Rust kwa Kiswahili. Peponi ilipotoka mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, niliisoma kwa siku chache na nikaona jinsi kitabu kilichoandikwa ughaibuni kinavyoweza kurudi na kukaa barazani kama hakijapata kuondoka. Aisha na paka wake wanastahili vivyo hivyo. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha taabu, ameisoma kwa kamusi ukurasa kwa ukurasa. Akiipata kwa lugha yake atakuwa ameimaliza kabla ya Ijumaa.

Kisha nataka riwaya yetu wenyewe, ya vijana, yenye ajabu ndani yake. Mlango wa ajabu katika riwaya ya Kiswahili ulishafunguliwa, na mmoja wa waliofungua ni Mpemba, Said Ahmed Mohamed. Babu Alipofufuka, ya 2001, inamtoa marehemu kaburini aje kumtoa jasho mjukuu aliyelewa madaraka. Ni kitabu kikali, lakini ni cha watu wazima na hesabu zao. Msichana wa miaka 14 wa Chake Chake anasoma nini? Skuli anapewa riwaya za kumwonya: usidanganyike, usiharibikiwe, usitoroke. Maonyo ni kazi ya wazazi na wanaifanya vizuri. Riwaya impe chombo cha mifupa na bahari mbele yake.

Na mali ghafi ipo, haihitaji kuagizwa. Nendeni Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Wazee wanasimulia kwamba alikuwa mtawala katili kiasi cha kuwafanya watu wabebe mawe ya kujengea huku wakijiburura kwa makalio. Na kuna kile kisima cha wake zake wawili: ukuta ulijengwa kati ili wasionane, mmoja akiteka kwa kushuka ngazi, mwenziwe kwa kamba na ndoo, maji yakiwa yale yale. Nimesimama pale nikifikiria kijakazi wa mke wa kamba, umri wake kama wa mtoto wa dada yangu, anateremsha ndoo alfajiri, na kamba inavutwa kutoka upande wa pili. Nani anavuta? Mke wa ngazi? Au kuna kitu majini ambacho Mkama Ndume aliwekeana nacho sharti ili ngome isianguke, na sasa kinakuja kudai? Huyo kijakazi atajibu nini, na atalipa kwa kipi?

Mimi si mwandishi wa riwaya, na sitaki kuwa. Ni msomaji, na kazi hiyo naifanya kwa moyo wote. Lakini wapo vijana wa visiwani wanaoandika hadithi usiku kwa simu zao, wakizituma kipande kipande kwa rafiki zao. Baadhi nimezisoma na zina damu. Mmoja wao akiandika ya kile kisima, na mchapishaji akathubutu, nitanunua nakala mbili: ya kwangu, na ya kuazimisha.